Mhariri wa Filamu Anapobadilishiwa Silaha

Askari aliyepata kubadilishiwa bunduki katikati ya utumishi wake anajua jambo ambalo raia aghalabu hawalijui, nalo ni kwamba mikono ina kumbukumbu yake yenyewe. Mtu aliyefungua na kufunga silaha ya aina moja kwa miaka minane, mchana na usiku, mvuani na gizani, hupewa nyingine iliyo nyepesi zaidi na yenye shabaha bora zaidi, na bado kwa majuma kadhaa kidole chake huenda kutafuta kizuizi cha risasi mahali ambapo hakipo. Mkufunzi mwenye busara hamcheki. Humrudisha kwenye turubai, akamwamuru afungue tena, afunge tena, hata mikono isahau ya zamani na kuzoea mpya.

Wako watu wa kazi nyingine wanaopatwa na hali hiyo hiyo, na habari zao hazisimuliwi sana katika kurasa zisomwazo na askari. Hao ni wahariri wa filamu, wachoraji, wapiga picha na watengenezaji wa magazeti, ambao kwa miaka zaidi ya thelathini sasa silaha yao imekuwa kompyuta. Mara kwa mara hulazimika kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na kila wanapohama, kuna walichokijua kinachopotea. Wahenga walisema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Lakini mhariri wa filamu hana hiari ya kutoviweza, kwa sababu tarehe ya kuonyeshwa filamu imekwisha tangazwa.

Mambo haya yanatuhusu sisi pia. Siku hizi hakuna jeshi wala polisi isiyopiga filamu za gwaride, za mafunzo, za misaada wakati wa mafuriko, na za kuwazika mashujaa wake. Yule koplo anayekaa na kompyuta katika ofisi ya uhusiano, akiunganisha picha za kuruta wanaohitimu, anafanya kazi ile ile afanyayo mhariri wa Hollywood, ila kwa posho ndogo zaidi.

Kisa cha Final Cut

Kisa kinachofundisha kuliko vyote katika uwanja huu ni cha programu iitwayo Final Cut Pro, mali ya kampuni ya Apple ya Marekani. Ili kukielewa, hapana budi kurudi nyuma kidogo.

Zamani filamu ilihaririwa kwa mkono. Mhariri alikata utepe wa filamu kwa kisu, akaunganisha vipande kwa gundi au kwa utepe wa kunata, akavitundika vile alivyovitoa juu ya ndoo ili asivipoteze. Mwaka 1989 kampuni ya Avid ilianza kuuza mtambo uliofanya kazi hiyo ndani ya kompyuta ya Macintosh. Ulikuwa ghali mno, hata studio kubwa zikaukodi badala ya kuununua. Miongoni mwa walioingia humo alikuwa Walter Murch, mhariri mashuhuri wa Marekani aliyefanya kazi katika filamu ya Apocalypse Now. Alipokuwa akihariri The English Patient, aliyoiongoza Anthony Minghella, alianza kwa utepe wa filamu, kisha akahamia Avid kazi ikiwa imefika katikati. Kwa mtu yeyote aliyewahi kubadilisha gari la msafara njiani, huo ni ujasiri. Mwaka 1997 filamu hiyo ilimpatia tuzo ya Oscar ya uhariri, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu ya kwanza iliyohaririwa kwa kompyuta kupata tuzo hiyo. Usiku ule ule alipewa nyingine ya sauti.

Apple nayo iliingia uwanjani mwaka 1999. Programu ya Final Cut Pro ilikuwa imeanzwa na kundi lililoongozwa na Randy Ubillos, yule yule aliyekuwa ametengeneza matoleo ya kwanza ya programu ya Premiere kwa kampuni ya Adobe. Ubora wake mkubwa ulikuwa bei. Kijana mwenye kompyuta moja ya kawaida na kamera ndogo aliweza sasa kufanya mezani kwake kazi iliyohitaji mtambo wa thamani ya nyumba. Mwanzoni mabingwa waliiona kuwa kichezeo cha wanafunzi. Ndipo Murch yule yule akaichukua kwenda nayo Romania kuhariri Cold Mountain, filamu kubwa ya vita iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2003, akitumia mashine za Apple zinazouzwa madukani kwa mtu yeyote. Alipendekezwa tena kwa Oscar. Baada ya hapo dharau ilikwisha. Mwaka 2010 The Social Network ilihaririwa kwa Final Cut, na wahariri wake wawili, Kirk Baxter na Angus Wall, wakapata Oscar.

Kwa hiyo kufikia wakati huo walikuwapo duniani watu wengi mno ambao chakula chao cha kila siku kilitegemea programu hiyo moja. Vyuo viliifundisha. Vituo vya televisheni viliijengea vyumba. Mikono yao ilijua pa kubonyeza bila macho kutazama, kama mpiga saini wa zamani alivyojua ufunguo wake wa Morse.

Tarehe 21 Juni 2011 Apple ilitoa toleo jipya lililoitwa Final Cut Pro X, kwa bei ya dola 299.99. Bei ilikuwa nafuu kuliko ya zamani. Mashine ilikuwa ya kasi zaidi, kwa kuwa programu yote ilikuwa imeandikwa upya kutoka msingini. Ile ya zamani ilikuwa ya biti 32, na kwa sababu hiyo haikuweza kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu hata kama kompyuta ilikuwa na nyingi zaidi. Mpya ilikuwa ya biti 64 na haikuwa na kikomo hicho. Mtu akisoma karatasi ya sifa zake, angeuliza kulikoni watu walalamike.

Walilalamika kwa sababu programu mpya haikuweza kufungua kazi iliyofanywa katika ile ya zamani. Mhariri mwenye filamu iliyofikia robo tatu, au mwenye kabati la kazi za miaka kumi, aliambiwa kwa vitendo kwamba mambo yake ya jana hayatambuliki. Pia haikuwa na njia ya kuhariri picha za kamera nyingi kwa pamoja, jambo ambalo mtu wa gwaride hawezi kulikosa hata siku moja, kwa maana gwaride hupigwa na kamera tatu au nne kwa wakati mmoja. Haikuweza kupeleka kazi kwa fundi wa sauti katika mafaili aliyoyazoea. Haikuweza kurudisha filamu kwenye kanda, na vituo vingi vya televisheni wakati ule vilipokea kanda tu. Na zile njia za picha na sauti zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambazo kila mhariri alizijua tangu siku yake ya kwanza, zilikuwa zimeondolewa. Mahali pake paliwekwa mstari mmoja wa wakati ambamo vipande husukumana vyenyewe kama sumaku. Lililozidi yote ni kwamba toleo la zamani liliondolewa sokoni papo hapo. Ofisi iliyotaka kuongeza mashine moja inayofanana na zile tano ilizokuwa nazo haikuweza tena kuinunua dukani.

Askari ataelewa haraka. Ni kama bohari lifungwe usiku, asubuhi ukute bunduki zote mpya, risasi zako za zamani haziingii ndani yake, na mwenye bohari anakuambia kwamba hizi ni bora. Huenda kweli ni bora. Lakini doria inaondoka saa kumi na mbili.

Maelfu ya watu walitia sahihi barua ya malalamiko. Wahariri wa kipindi cha vichekesho cha Conan O'Brien, kilichoonyeshwa katika televisheni ya Marekani, walitengeneza filamu fupi ya kejeli juu ya programu hiyo, ikarushwa hewani. Apple ilirekebisha mengi. Mnamo Januari 2012 uwezo wa kamera nyingi ulirudi, na mwaka huo huo kampuni nyingine ndogo ikauza kifaa cha kutafsiri kazi za zamani ziingie katika mpya. Mwaka 2015 ilitoka filamu ya Hollywood, Focus, iliyohaririwa kwa programu hiyo mpya, na wako wanaoipenda hadi leo kwa kasi yake. Hata hivyo miezi saba katika kazi hii ni muda mrefu, na wengi walikuwa wamekwisha fungasha.

Waliohama walikwenda wapi

Baadhi walirudi Avid. Wengi walikwenda Adobe Premiere, na namna Adobe ilivyowapokea yafaa itazamwe na kila mwenye kusimamia watu. Iliwapunguzia bei kwa nusu. Lakini kubwa zaidi ya bei ni kwamba ndani ya Premiere kulikuwa na mpangilio wa vibonye uliofanana na ule wa Final Cut 7, na uwezo wa kusoma kazi za Final Cut zilizotolewa katika maandishi ya aina ya XML. Mgeni alifika akakuta kitanda kimetandikwa kama cha kwake. Gone Girl ya mwaka 2014 ilihaririwa kwa Premiere, na mmoja wa waliokuwa katika meza hiyo ni Kirk Baxter, yule wa The Social Network.

Ila mgeni huyo hakukaa muda mrefu kabla ya kuletewa hesabu ya pango. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo yake mapya hayatauzwa tena kwa malipo ya mara moja. Yatakodiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na asiyelipa programu itafungwa. Kwa kampuni ya filamu ya London jambo hili ni sehemu ya gharama. Kwa ofisi ya serikali katika nchi zetu ni jambo jingine kabisa. Fedha hutoka kwa vifungu, vifungu hutoka kwa mwaka, na idhini ya kulipa fedha za kigeni kwa kadi kila mwezi haimo katika mikono ya sajini wala ya kapteni. Ofisi inaweza kununua kitu kimoja kikubwa mara moja katika miaka mitano na kikawekwa kwenye daftari la mali. Kukodi kitu kisichoonekana, mwezi baada ya mwezi, humshinda hata mhasibu mwema. Nasema haya si kwa kuilaumu kampuni, kwani kila mfanyabiashara hupanga bei yake. Nasema kwa kuwa anayehama kwa ajili ya kibonye kizuri hana budi kusoma pia mkataba.

Jandarmeri ya Ufaransa

Wasomaji wetu wa polisi watapenda kusikia kwamba uhamaji mkubwa kuliko mwingi wa namna hii ulifanywa na askari wenzao. Jandarmeri ya Ufaransa ni jeshi lenye kazi ya polisi, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanalijua jina hilo vizuri. Mwaka 2005 iliacha programu za ofisi za Microsoft na kuchukua OpenOffice, ambayo ni huru na haina malipo. Mwaka 2006 ikabadilisha programu za kusomea mtandao na barua. Mwaka 2008 tu ndipo ilipoanza kubadilisha mfumo wenyewe, ikatoka Windows kwenda Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux.

Tazama utaratibu. Askari walipewa kwanza programu mpya juu ya mfumo wa zamani, wakazizoea miaka mitatu. Siku mfumo ulipobadilishwa chini yao, vyombo vya mikononi vilikuwa vile vile. Afisa wao mmoja alieleza mwaka 2009 kwamba tofauti kubwa mbili zilizobaki ni zile alama ndogo za kwenye skrini na michezo, na kwamba michezo haikuwa shabaha yao. Jiji la Munich la Ujerumani, kwa upande mwingine, lilihamisha mashine zake kwenda Linux kwa kazi ya miaka mingi, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows.

Lakini tusijidanganye kwa mfano wa Wafaransa. Kuandika taarifa ya ajali ya barabarani ni kazi inayofanana katika mashine yoyote. Kazi ya sanaa hukaa karibu zaidi na chombo chake. Rangi aliyoiona mpiga picha katika skrini moja si ile atakayoiona katika nyingine. Herufi za gazeti la kikosi zilizokuwa katika Macintosh hazimo katika Windows, na ukurasa uliopangwa vizuri hufunguka maneno yakiwa yamemwagika nje ya mistari. Diski iliyotengenezwa kwa ajili ya Macintosh haisomeki katika Windows bila programu ya ziada. Hata kidole gumba huteseka, maana amri ambazo Macintosh huzipa kwa kibonye kilicho kando ya kiwambo cha nafasi, Windows huzipa kwa kibonye cha pembeni kabisa. Mpiga picha wa miaka ishirini hujikuta akifuta alichotaka kuhifadhi.

Paka na ndege karani

Kuna aliyehama akafanikiwa kupita kiasi. Gints Zilbalodis ni kijana wa Latvia, nchi ndogo ya kando ya Bahari ya Baltiki, aliyezaliwa mwaka 1994. Filamu yake ya katuni iitwayo Away, ya dakika 75, iliyotoka mwaka 2019, aliitengeneza peke yake, kuanzia picha hadi muziki. Chombo chake kilikuwa Maya, programu ya gharama kubwa inayotumiwa na studio kubwa. Mwaka huo huo akakiacha akahamia Blender.

Blender ni programu ya bure, nayo ina historia inayostahili saluti. Ilianzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal mwaka 1994 katika studio yake ya katuni. Kampuni aliyoiunda baadaye kuiuza ilipofungwa mwaka 2002, aliwaomba watumiaji wachange ili programu inunuliwe kutoka kwa wenye mtaji na kuachiliwa huru. Euro 100,000 zilipatikana katika muda wa majuma saba. Tangu Oktoba 2002 mtu yeyote anaweza kuichukua, kuitumia, hata kuifungua na kutazama ndani yake, kama askari anavyoruhusiwa kuifungua bunduki yake.

Zilbalodis alivutiwa na uwezo wa Blender wa kuonyesha picha karibu kama itakavyokuwa mwisho, papo hapo, bila kungoja. Katika studio kubwa picha moja moja hupikwa kwa saa nyingi katika maghala ya kompyuta, na mwongozaji huona kosa lake kesho yake. Yeye aliliona pale pale, akasogeza kamera akajaribu tena. Filamu aliyoitengeneza kwa njia hiyo pamoja na wenzake wachache wa Latvia, Ufaransa na Ubelgiji inaitwa Flow. Ni dakika 85 zisizo na neno hata moja la binadamu. Paka mweusi anaokoka katika gharika kwa kupanda mashua pamoja na wanyama wengine, mmojawapo akiwa ndege karani, yule mrefu wa mbuga zetu apigaye nyoka kwa miguu. Gharama yake ilikuwa kama euro milioni 3.5, fedha ambayo katika studio za California haimalizi hata matangazo. Machi 2025 ilipata Oscar ya filamu bora ya katuni, ya kwanza kwa nchi ya Latvia.

Haifai kudhani kwamba Blender ndiyo iliyomfanya awe msanii. Jambo la kutazama ni wakati aliouchagua. Alihama baada ya kumaliza kazi moja na kabla ya kuanza nyingine. Kabati lake la zamani lilikuwa limefungwa, na hapakuwa na kuruta wa kuhitimu Ijumaa.

Sanduku la faili

Narudi katika ofisi zetu, kwa kuwa hatari iliyo kubwa humo haipo vidoleni. Vidole hujifunza. Hatari ipo katika sanduku la faili. Fikiri mjane wa askari aje ofisini miaka kumi na tano baada ya mazishi, amefuatana na mtoto ambaye hakumwona baba yake, aombe picha za siku baba alipovishwa cheo. Filamu ilihaririwa kwa programu ambayo haipo tena. Faili la kazi lipo, jina linasomeka, lakini halifunguki. Mfumo wa Macintosh wa mwaka 2019, uitwao Catalina, ulikataa programu zote za biti 32, na Final Cut 7 ikiwa miongoni mwake. Aliyeboresha mashine yake bila kutazama alijifungia mlango mwenyewe.

Ndiyo maana wahariri wenye uzoefu hawahifadhi faili la kazi peke yake. Huhifadhi filamu iliyokamilika katika ubora wake wa juu, kwa aina ya faili inayosomwa na mashine nyingi. Huhifadhi picha za mwanzo zilizotoka katika kamera, bila kuzigusa, pamoja na karatasi inayosema nani yumo na ni mahali gani. Na huhifadhi orodha ya mikato, ambayo ni maandishi matupu: kipande namba fulani, kianzie dakika na sekunde fulani, kiishie fulani. Orodha ya namna hiyo ilibuniwa enzi za mitambo ya kanda, na programu za leo bado zinaisoma. Haina uzuri wowote. Inafanana na orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani mwa chumba cha walinzi, na kama ile, hata asiye na mashine anaweza kuisoma.

Wengine huweka kitu kimoja zaidi, nacho ni mashine nzima ya zamani, mfumo wake haujaguswa, imechomolewa katika mtandao, inawashwa kwa kazi za kale tu.

Yang Jin-mo, mhariri wa Korea ya Kusini, alikwenda mbali kuliko hapo. Mwaka 2019, miaka minane baada ya Apple kuiua Final Cut 7, aliitumia kuhariri filamu nzima ya Bong Joon-ho iitwayo Parasite, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Filamu ilipata tuzo ya juu ya Cannes mwaka huo, na Februari 2020 ikapata Oscar nne, ikiwamo ya filamu bora, ya kwanza kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Yang mwenyewe alipendekezwa kwa tuzo ya uhariri. Usiku ule ilikwenda kwa Ford v Ferrari.